Kikombe Kilichobaki Kikavu

Ijumaa moja ya ujana wangu naikumbuka vizuri mno, mwanangu Nambozo, na nikiisimulia bado naona aibu kidogo. Nilikuwa Jinja, kwenye kliniki ndogo ya meno upande wa Kimaka, penye kambi ya jeshi, na nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Koti langu jeupe nililipiga pasi mwenyewe kila asubuhi, na nilitembea nalo mpaka sokoni ili watu waulize yule ni nani. Siku hizo nilikuwa najiona kweli kweli.

Nakuandikia wewe kwa sababu umeanza kazi hiyo hiyo mwaka huu, hapa Mbale, na kwa sababu jana nilikuwa kwenye kiti chako. Hayo ya jana nitayafikia, usiwe na haraka. Naandika kwa Kiswahili, ingawa najua mama yako angependa Lumasaba na mimi mwenyewe ni Msoga. Wengi hapa kwetu wakisikia Kiswahili, lugha ya askari, wanakumbuka bunduki na vizuizi vya barabarani, na siwalaumu. Lakini mimi nilizaliwa kwenye nyumba za askari wa magereza. Kiswahili ndicho tulichochezea mpira, ndicho baba alichotugombezea. Na aliyenigombeza vizuri kuliko baba alinigombeza kwa Kiswahili pia, ndiyo maana siwezi kuyaeleza haya kwa lugha nyingine yakatoka sawasawa.

Aliitwa Mama Akello. Kwenye karatasi za kazi alikuwa msaidizi tu: kuita wagonjwa, kuchemsha vyombo, kushika taa. Alikuwa mjane wa koplo mmoja, mwenyeji wa Lango, mnene wa mwili na mwepesi wa miguu, na alikuwa amesimama kando ya kiti kile miaka mingi kabla yangu. Vyombo alivipanga kwa namna yake na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Kioo kwanza, kisha kijiti cha kuchokolea, kisha makoleo, na mwisho kabisa, pembeni, kikombe cha bati chenye ua jekundu. Kikombe hicho kilikuwa cha meno ya bandia. Mgonjwa akivua meno yake yanatiwa humo kwenye maji safi, na Mama Akello anakifunika kwa kitambaa, ili mtu asikae pale akitazamana na meno yake mwenyewe.

Basi Ijumaa ile akaja Afande Wabomba. Alikuwa meja, mtu wa Busiu, mrefu na mkavu, mwenye sauti ambayo ikisema "kaa chini" hata anayepita nje anatafuta kiti. Mchana ule alikuwa anaanza likizo ya siku saba nyumbani kwake. Likizo ikiisha alikuwa anapelekwa kituo kipya, mbali sana kaskazini, ambako daktari wa meno hakuwepo kabisa, na angekaa huko mwaka mzima au zaidi. Alitaka fomu yake ya afya isainiwe kabla hajaondoka.

Alipoingia nikampigia saluti. Mimi, raia, na kioo cha meno mkononi. Mpaka leo sijui kwa nini.

"Daktari," akasema akiketi, "mi niko sawa. Shida ni chai tu. Chai ikiwa moto inanichoma huku juu." Akanyoosha kidole kuelekea kwenye kaakaa.

Nikawasha taa, nikatazama. Meno yake ya juu yalikuwa yamepangika vizuri kupita kiasi, meupe yote sawa, na mtu wa umri wake anayevuta sigara hawi na meno ya namna hiyo. Nilijua papo hapo kuwa ni sahani, ile ya kuvaa na kuvua, na kwamba imelifunika kaakaa lote. Mwanangu, nilijua. Sitaki udhani sikuona. Maneno yalinifika kwenye ulimi: Afande, tafadhali vua meno nitazame chini yake. Lakini mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na pale nje walikuwa wameketi askari wake wawili wakimsubiri, mmoja akicheka jambo fulani. Nikayameza maneno yangu.

Nikakagua meno ya chini kwa bidii ambayo hayakuihitaji. Nikasema sahani imembana kidogo, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kwenye kadi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Mdomo safi." Nikasaini fomu. Afande akanishika mkono, akasema nina mkono mwepesi kuliko yule daktari wa zamani, na sifa ile ilinifurahisha mchana kutwa.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe nilikuwa na jino la bandia. Moja tu, la mbele juu, kwenye kisahani kidogo. Lile la kuzaliwa nalo niliachanishwa nalo na kiwiko cha beki wa timu ya polisi nikiwa sekondari. Pale kazini hakuna aliyejua, wala msichana niliyekuwa nataka kumwoa hakujua. Nililala nalo mdomoni, jambo ambalo tunawakataza wagonjwa kila siku. Nani angemwamini daktari wa meno mwenye pengo? Kwa hiyo nilipomtazama Afande nilimwonea huruma kama mwenzangu. Nilidhani ninamheshimu, kumbe nilikuwa nalinda aibu yake ili na yangu ibaki salama.

Jioni, Mama Akello akawa anaosha vyombo. Akakichukua kile kikombe, akakipindua juu ya beseni. Halikutoka hata tone.

"Daktari," akasema, "leo nani alikuja na meno ya kuvua?"

"Afande peke yake."

"Na kikombe hii iko kavu."

Nikajifanya natafuta kalamu.

"Mi nauliza tu. Chai inamchoma wapi?"

"Juu."

"Na we ukaangalia wapi?"

"Mama, yule ni meja. Na vijana wake walikuwa pale mlangoni."

Akakiweka kikombe mezani mbele yangu, juu ya kadi niliyoandika "Mdomo safi." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Bwana yangu alikuwa koplo," akasema. "Alikuwa na kidonda chini ya ulimi. Akaenda kwa watu wa koti nyeupe, wakang'oa jino. Akarudi, wakang'oa ingine. Hakuna mtu alimwambia, inua ulimi tuone. Mara ya tatu alikuwa hawezi kumeza maji. Sasa we unafikiri mi nakaa hapa miaka yote hii sababu napenda kuchemsha makoleo?"

Nilikuwa nimefanya naye kazi mwaka mzima bila kujua kwamba mumewe alikufa kwa saratani ya mdomo, na kwamba kila mgonjwa aliyeketi pale alimtazama akiwa na jambo hilo moyoni. Ile kazi ya kupanga kikombe pembeni haikuwa mapambo.

"Labda ni sahani tu imembana," nikasema.

"Labda. Kama ni sahani, utarudi na furaha. Kesho unaenda Busiu. Mi siendi, sababu si mi niliandika mdomo safi."

Akakifunga kikombe ndani ya kitambaa chake, akanipa.

Jumamosi nikapanda basi la kupitia Tororo. Nilikuwa na mfuko wenye kioo, glavu, vipande vya shashi, na kikombe cha bati. Nitakuambia ukweli, Iganga nilitaka kushuka nirudi. Nilijiambia mtu atamwona huko aendako, nikajiambia chai ya moto inamchoma kila mtu. Mtu akitaka kukwepa jambo hakosi hoja, na mimi nilikuwa na hoja za kutosha mpaka Tororo. Kilichonizuia kushuka ni kwamba ningemkuta Mama Akello Jumatatu na angekipindua tena kile kikombe.

Busiu nikauliza nyumba ya Afande, nikaonyeshwa na watu watatu kwa pamoja. Uani kwake kulikuwa na wageni. Wakwe zake walikuwa wamekuja, wazee wa heshima, wamezunguka chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, na mirija yao mirefu, wakizungumza taratibu kama watu wasio na pa kwenda. Afande alikuwa katikati yao. Aliponiona akaweka mrija chini.

"Daktari? Kuna nini? Fomu ina makosa?"

"Ndiyo, Afande. Makosa ni yangu."

Nikamwomba tusogee pembeni. Tukaenda nyuma ya ghala la mahindi, na pale nikayasema yale maneno niliyoyameza jana yake.

"Afande, naomba uvue meno nitazame kaakaa."

Akasema polepole, "Kijana. Mi na mama watoto tumeoana miaka kumi na nane. Hajawahi kuniona bila meno. Nikilala yako ndani. Na we unatoka Jinja, unakuja kuniambia vua, na wakwe wangu wako hapo?"

"Ndiyo, Afande."

"Rudi Jinja."

Akageuka. Alikuwa amepiga hatua mbili tatu kurudi kwenye chungu chake, na nilimwona wazi akienda hivyo hivyo mpaka kaskazini, na chai yake na fomu yangu mfukoni. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikaingiza vidole mdomoni, nikalivua jino langu, nikalishika kwenye kiganja.

"Afande," nikasema, na upepo ukapita kwenye pengo.

Akageuka. Akanitazama kinywa, akatazama kiganja, akanitazama kinywa tena, kama anayekagua askari aliyekuja gwaride bila kiatu kimoja. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta wa ghala, na kule uani wazee wakanyamaza kusikiliza.

"Daktari wa meno," akasema akijifuta macho, "hana meno."

"Ni moja tu, Afande."

"Nani anajua?"

"Wewe."

Akaacha kucheka. Akatazama upande wa wageni, akawapa mgongo. Kulikuwa na mtungi wa maji pale kando, nikachota nikajaza kikombe cha Mama Akello, na Afande Wabomba akavua meno yake akayatia ndani. Langu nikalifunga kwenye leso, nisije nikamchanganyia. Uso wake ulibadilika mara moja, midomo ikaingia ndani, akawa mzee wa miaka sabini. Nikakifunika kikombe kwa kitambaa.

Nikamkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, uso kwenye jua, kwa kuwa taa nyingine sikuwa nayo. Kaakaa lake lilikuwa jeupe na lenye mikunjo, na vitone vyekundu vidogo vidogo vimetapakaa. Hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi. Lakini upande wa kushoto, nyuma kidogo, palikuwa na doa jekundu lililochanganyika na weupe, ukubwa wa punje ya maharage, na nilipoligusa kwa kidole ukingo wake ulikuwa mgumu. Nikamshika shingo pande zote mbili, chini ya taya, polepole. Hapakuwa na uvimbe.

"Afande, sigara unavuta namna gani?"

Akatoa sigara kwenye mfuko wa shati, haijawashwa, akanionyesha. Akaigeuza, upande wa moto ukaingia ndani ya mdomo, midomo ikafunga juu yake.

"Lindo," akasema alipoitoa. "Moto ukionekana, unapigwa risasi. Tulifundishana kugeuza. Vita ikaisha, mdomo ikazoea."

Miaka kumi na zaidi, mwanangu, moto wa sigara ulikuwa unawaka nusu inchi kutoka kwenye kaakaa lile. Kitu kilichomwokoa vitani ndicho kilichokuwa kinamla sasa, na hakuna aliyewahi kumuuliza anavuta vipi. Hata sisi tuliouliza tulimuuliza ngapi kwa siku tu.

"Ni kansa?" akaniuliza. Bila meno sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapa nilikumbuka jambo moja nililofundishwa chuoni na kulipuuza. Nikamwambia, "Sijui. Mimi kwa macho siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba hiki hakipaswi kuwa hapa, na Jumatatu nakupeleka hospitali Mbale wakate kipande kidogo wakipeleke maabara. Kama si kitu, utanitukana njia nzima. Kama ni kitu, tumekikuta kingali kidogo."

Wakati huo mkewe akatokea upande wa ghala na sahani ya nyama ya wageni mkononi. Akamkuta mumewe juu ya kinu, mdomo mtupu. Afande akajifunika kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa.

Mama yule hata hakusimama. "Baba Masaba," akasema, "miaka yote hii nachemsha nyama mpaka inalainika namna ile, unafikiri napikia nani?" Akaendelea na safari yake kwa wageni.

Jumatatu tulikwenda pamoja. Kipande kilikatwa, kikapelekwa, tukasubiri majibu, na kusubiri kule kulikuwa kurefu kwetu sote. Majibu yalisema saratani, iliyoanza, bado iko juu juu, haijazama kwenye mfupa wala kushuka shingoni. Nikalazimika kwenda kwa wakubwa nikasema kwa kinywa changu kwamba fomu ile niliisaini bila kutazama vizuri, nikaandika nyingine. Nilikaripiwa, na ilikuwa haki. Kituo cha kaskazini kikapewa mtu mwingine. Afande akafanyiwa upasuaji Kampala, na daktari aliyemkata akatuambia bila kupamba kwamba angekuja baada ya mwaka, angemtoa nusu ya taya ya juu, na hata hapo asingeahidi chochote.

Niliporudi Jinja nilimsimulia Mama Akello mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza huku akikausha vyombo.

"Ulishika shingo?" akauliza.

"Nilishika."

"Haya," akasema. Akakipokea kikombe, akakiosha, akakirudisha pembeni mahali pake.

Afande Wabomba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sigara ilimshinda mara mbili, akaiacha, akairudia, akaiacha kabisa mara ya tatu, na hiyo ya tatu alisema ilikuwa ngumu kuliko vita. Alikuwa akija kukaguliwa kila baada ya miezi kadhaa bila kukosa, na baadaye akaanza kuja na wengine. Aliwaleta maafande wenzake kutoka Kimaka, akiwasukuma mbele yake mlangoni. Yeye mwenyewe anaketi kwenye benchi pale nje, anavua meno yake mapya, anayashika mkononi kila mtu aone, anasema, "Ndani mtaambiwa vua. Hiyo ni amri. Mi nimevua, nani mkubwa kuliko mi hapa?" Tuliwakuta wawili wenye madoa katika kundi lile. Alipofariki kwa uzee tulimzika Busiu, na mkewe aliniambia kwamba miaka ile ya mwisho alikuwa anavua meno mezani, anacheka naye, anakula ndizi zake zilizopondwa bila kujificha. Nililia siku ile, na sikumficha mtu.

Lakini kuna jambo sijalipatia jibu. Kabla ya Ijumaa ile nilikuwa nimefanya kazi mwaka mzima. Wangapi niliwaandikia mdomo safi? Sijui, na kujua haiwezekani tena. Nakuambia hili nisije nikaonekana shujaa kwenye barua yangu mwenyewe.

Sasa nifike kwenye ya jana.

Jana nilikuja kliniki kwako, huku upande wa viwandani, kwa sababu ya jino la chini linalotikisika. Ulinipigia magoti mlangoni, ukaniita Mzee, ukanifutia kiti. Ulivaa glavu bila kukumbushwa. Ulilitazama jino langu kwa makini na mkono wako hautetemeki, na nilijivuna kimya kimya kwamba kazi yetu imepata mtu. Kisha ukasema, "Mzee, kila kitu kiko sawa," ukanishika kiwiko kunisindikiza.

Nambozo, meno yangu yote ya juu ni ya bandia. Uliyaona. Niliyaona macho yako yakisimama pale, na niliona ukimeza kitu. Najua ulichomeza kwa sababu niliwahi kukimeza mimi. Ulifikiri, nitamwambiaje mzee huyu, aliyefundisha waliotufundisha, avue meno mbele yangu? Na mimi nilikaa kimya makusudi, nione, na pia kwa sababu, nikisema ukweli, sikupenda unione hivyo.

Usilie, na usije nyumbani kuomba radhi na mkungu wa ndizi. Sina maumivu yoyote. Lakini mimi siwezi kuliona kaakaa langu, na wewe hukuliona, kwa hiyo kwa leo hakuna mtu duniani anayejua kilichopo pale. Ndivyo ilivyokuwa kwa koplo wa Mama Akello, na ndivyo ilivyokuwa kwa Afande mpaka Jumamosi ile.

Shika haya, mwanangu. Watu watakuja kwako kwa sababu ya jino, maana jino ndilo linalouma, na saratani ya mdomo ikianza mara nyingi haiumi kabisa. Hawatakwenda kwa daktari mwingine kusema nitazame mdomo. Watakuja kwako wewe, na mara nyingi wewe ndiye mtu pekee atakayeufungua mdomo huo kwa taa mwaka mzima. Kwa hiyo mdomo wote ni wako. Geuza midomo, vuta mashavu, shika ulimi kwa shashi uutazame kingo zake zote mbili, kisha mwambie auinue, maana chini yake ndiko wengi husahau. Tazama kaakaa, vua kila kinachovuliwa. Pitisha kidole, si jicho peke yake, na umalizie shingoni. Ukishazoea haichukui hata dakika tatu. Doa jeupe, doa jekundu, kidonda kisichopona wiki mbili, uvimbe, jino linalotikisika bila sababu unayoielewa, usiyape jina na usiyasubiri. Andika, pigia hospitali, na umfuatilie huyo mtu mpaka ujue amefika. Akipotea, panda basi.

Na uliza. Usiulize tu kama anavuta, uliza anavuta vipi. Muulize kijana kama anaweka tumbaku ya unga chini ya mdomo, muulize mfanyabiashara wa Jinja kama anatafuna tambuu na popoo, muulize mzee anakunywa waragi kiasi gani, na uulize kama mtu anayetaka kusikia jibu. Ukimgombeza atakudanganya. Ukimwambia acha, mwambie pia kwamba ataanguka mara moja au mbili na mlango wako utakuwa wazi.

Heshima isikuzuie. Unaweza kupiga magoti mlangoni, mimi nimefurahi ulivyonipigia, lakini ukishavaa glavu mimi si mzee tena, ni mdomo. Mtu akiona aibu, funga mlango, funika kikombe kwa kitambaa, mpe mgongo anapovua. Kumfichia aibu yake ni wema. Kumwacha aondoke nayo kinywani bila kutazamwa si wema hata kidogo, na mimi nilidanganyika hapo nikiwa na koti safi kuliko lako.

Mungu akulinde, mwanangu. Aubariki mkono wako uwe mwepesi na jicho lako liwe jeuri. Akupe wagonjwa watakaokutukana kwa kuwasumbua bure, na waishi mpaka wawe wazee wa kukutania barabarani. Akujalie mtu wa kukuuliza jioni, kila jioni, kama nilivyojaliwa mimi.

Kikombe cha bati nimekitia kwenye kifurushi hiki. Ua limefifia na mpini una kutu, lakini hakivuji. Mama Akello alinipa alipostaafu. Jumatatu saa tatu nitakuwa mlangoni kwako, kwa hiyo ukijaze maji mapema, ukiweke pembeni mahali pake, halafu nikiketi uniambie nivue meno.